Pointi Sitini na Tatu za Mama Mashoto

Jumatano, tarehe 9 Juni 1954, saa tatu asubuhi, marehemu alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo baba yake alikuwa bado anaijenga. Baba alikuwa fundi mwashi, mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na yeye alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, binti wa kwanza. Mkunga alipotoka nje kutoa habari alimkuta baba juu ya ngazi, mwiko mkononi.

"Mzima?" baba akauliza.

"Mzima, na ngumi anazo."

"Haya, nimalizie mstari huu wa matofali, nakuja."

Mkewe alimkumbusha mstari huo mpaka uzeeni. Wenyewe ulipinda kidogo, na upo hadi leo juu ya dirisha la jikoni.

Alianza shule ya msingi Januari 1962. Siku ya kwanza alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, na mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda madawati yote yatazame upande mmoja na mikono yote ifanye hivyo hivyo, aliufunga mkono ule nyuma ya mgongo kwa utepe. Utepe ulikuwa wa sare. Mama yake mwenyewe ndiye aliyeushona. Kwa miezi minne aliandika kwa mkono wa kulia, akilia mwanzoni, halafu bila kulia, na mwishowe kwa mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Mambo mengine yote aliendelea kuyafanya kwa kushoto: kukata, kulima, kufungua milango, kurusha mawe. Wenzake wakamwita Mashoto, naye akaitika. Jina hilo ndilo lililodumu, na hapa wengi mmekuja kumzika Mama Mashoto bila kulijua jingine.

Akiwa na miaka kumi na miwili alimuuliza baba yake kwa nini jiwe moja likipigwa nyundo hupasuka bapa kama mkate, na jingine hugoma likarusha vipande. Baba alikuwa na kazi. Alimjibu, "Muulize jiwe." Aliyemjibu alikusudia kumnyamazisha. Binti alilichukua jibu hilo kama maelekezo, akalifuata kwa miaka hamsini na sita iliyobaki.

Alimaliza sekondari mwaka 1973, na Julai 1974 alipokelewa katika chuo kidogo kilichokuwa na idara ya jiolojia ndogo kuliko chuo chenyewe. Jengo la idara lilikuwa ghala la mbegu hapo zamani. Lilikuwa na kuta za bati, madirisha matatu, meza ndefu moja, darubini moja waliyoipangia zamu, na kabati la droo mia mbili na arobaini zilizojaa mawe. Kila jiwe lilikuwa na doa la rangi nyeupe, na juu ya doa namba, na namba hiyo ilikuwa katika kitabu kikubwa kinachosema jiwe lilitoka wapi na nani aliliokota. Jiwe lisilo na namba lilitupwa nje kwenye njia ya kokoto. "Hilo ni jiwe tu," alisema mwalimu wao. "Sisi tunasoma mawe yenye kwao."

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Mwalimu Ushahidi. Ukimwambia mvua inanyesha, alikuuliza ushahidi uko wapi, nawe ulitakiwa kumwonyesha bega lililolowa. Walikuwa wanafunzi sita, marehemu akiwa msichana peke yake. Aliwafundisha kuweka tone la asidi juu ya mwamba wa chokaa na kuusikiliza ukitoa povu, kuonja udongo kwa ncha ya meno kujua kama una mchanga, na kuisoma miamba iliyolala tabaka juu ya tabaka. Aliwafundisha pia kanuni moja aliyowataka waikariri kila asubuhi kabla ya kwenda uwandani, na waliikariri kwa sauti moja kama watoto wa chekechea: "Nyundo kiunoni kulia, dira mkono wa kushoto!" Sababu yake ni rahisi. Nyundo ni chuma. Mshale wa dira ukikaribiana na chuma huacha kutazama kaskazini, humtazama jirani.

Kazi ya mwisho ya masomo ilikuwa kuchora ramani ya miamba ya kilima kilicho nyuma ya chuo. Kulikuwa na pointi sitini na tatu, yaani mahali sitini na tatu ambapo mwamba umejitokeza juu ya udongo. Katika kila pointi ilibidi kuweka dira juu ya tabaka, kusoma limeelekea wapi na limeinama kiasi gani, kisha kuandika namba mbili. Ukiziunganisha namba hizo mezani unaweza kuchora yale yaliyo chini ya ardhi bila kuchimba. Walifanya kazi wawili wawili. Mwenzake marehemu alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye mwandiko wa kuku na mkono wa ajabu wa kuchora. Walikubaliana yeye asome dira, kijana aandike. Ugomvi wao ulisikika mpaka bwenini.

"Mia moja kumi na nane!"

"Mia moja kumi na ngapi?"

"Nane! Masikio umeyaacha chuoni?"

"Masikio ninayo. Upepo ndio unakula namba zako."

"Basi andika kabla haujashiba. Na hiyo nane yako ifunge juu, inafanana na sita."

Ikawa hivyo kwa wiki tatu. Jumamosi, tarehe 28 Agosti 1976, walibakiwa na pointi moja tu, ya sitini na tatu, iliyo chini ya ukingo wa kilele, mahali pa kupanda kwa mikono na miguu. Marehemu hakuwa amemruhusu mtu yeyote kumshikia nyundo yake tangu alipokabidhiwa. Hapo kijana alisimama, akakohoa.

"Nikubebee nyundo?"

"Penseli imekuchosha?"

"Penseli nitaiweka sikioni. Nyundo tu."

Alimtazama kwa muda, akaichomoa kwenye mkanda, akampa. Katika familia hii siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya posa, ingawa wazee walipelekewa habari mwaka mmoja baadaye. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977. Mume aliajiriwa idara ya maji. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1979, 1982 na 1986. Mume alimwita mama watoto hata kabla hawajapata mtoto. Alipoulizwa sababu, alisema anazoeza ulimi.

Ramani ile ilikuwa nzuri. Mwandiko ulikuwa wa marehemu, michoro ya mumewe. Mwalimu Ushahidi aliitia kwenye fremu akaitundika ukumbini, na kila mwaka ilichapishwa katika kijitabu cha chuo. Januari 1977 marehemu aliajiriwa hapo hapo kuwa mtunza mawe, akawa msaidizi wa maabara, akaenda masomoni miaka miwili, na kuanzia 1984 alikuwa mhadhiri. Madarasa yake hayakuzidi wanafunzi kumi na wanne. Hakuwa mkali, ila alikuwa na namna ya kulirudisha jiwe lililopewa jina la kubahatisha, akiliweka taratibu kwenye kiganja cha mwanafunzi na kusema, "Muulize tena, labda hakukusikia." Wanafunzi waliogopa upole huo kuliko kelele za wengine.

Mwaka 1983 chuo kilitaka kisima. Idara ya maji, kwa maana ya mumewe, ilichagua mahali kwa kufuata ramani ya ukumbini, na mchimba visima mmoja wa mjini akaletwa na mtambo wake. Alichimba mita themanini. Hakupata maji, alipata vumbi. Ramani ilikuwa kwenye fremu na mchimbaji alikuwa amesimama juani, kwa hiyo lawama ilijua pa kwenda. Ilisemekana mtambo wake umekwenda upande, ilisemekana aliacha mapema. Watu wakamwita Bwana Vumbi, na kazi zikapungua.

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, marehemu alikuwa akiwafundisha mwaka wa kwanza kuchora mwamba uwandani. Aliwapitishia daftari la mwaka 1976 waone mfano. Kila mchoro wa mwamba huwekewa kitu kinachojulikana ukubwa wake, nyundo au mtu, ili msomaji ajue ni jiwe la kukalia au jabali. Katika pointi ya tano mumewe alikuwa amemchora yeye. Msichana wa dawati la mbele alilitazama daftari muda mrefu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyu mtu wa kwenye mchoro, mbona nyundo na dira ziko upande mmoja?"

Marehemu alilichukua daftari. Msichana wa kwenye mchoro, mwenye urefu wa nusu kidole, alikuwa ameishika dira kwa mkono wa kushoto, kama alivyofundishwa. Nyundo ilining'inia kiunoni kushoto pia, kama alivyozaliwa. Nusu ya kanuni alikuwa ameitii, nusu nyingine mwili wake ulikuwa umeipanga wenyewe bila kumuuliza. Mumewe aliyechora hakujua amechora nini. Mwalimu Ushahidi hakuwahi kupanda nao. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu ujana.

"Swali zuri," aliliambia darasa. "Kipindi kimekwisha." Kilikuwa kimebakiza dakika ishirini na tano.

Mume aliporudi kazini jioni alimkuta uani, nyundo mkandani, dira mkononi, akizunguka taratibu kama anayekanyaga udongo wa kukandikia nyumba.

"Mama watoto, unatafuta nini?"

"Kaskazini."

"Asubuhi ilikuwepo hapa hapa."

"Chukua penseli. Andika."

Aliandika. Akitazama mlango wa jikoni, dira ilikosea digrii tisa. Akitazama geti, mbili. Akiupa ukuta mgongo, haikukosea kabisa. Hilo ndilo lililomkalisha chini. Kosa lingekuwa moja kila mahali, lingesahihishwa mezani kwa nusu saa. Lakini lilitegemea alisimamaje siku ile kwenye kila pointi, na miaka kumi na tisa imepita, na hakuna akumbukaye alisimamaje.

Mume alisoma namba zake, akafunga daftari. "Kilima hakijalalamika, mama watoto."

"Kisima kilishalalamika," alisema marehemu. "Na aliyejibu si mimi."

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Ushahidi, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara na alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Wiki tatu mbele wakaguzi walikuwa wanakuja kuamua kama idara yenye wanafunzi kumi na mmoja ina haja ya kuendelea kuwepo. Kitu cha kuwaonyesha kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa ukumbini kwenye fremu. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemwambia nani?"

"Mume wangu. Na wa mwaka wa kwanza wamejua, walioangalia vizuri."

"Wakaguzi waje, waondoke. Halafu tutaliangalia."

"Mwalimu."

"Wiki tatu tu, binti. Ramani imekaa miaka kumi na tisa."

"Mwalimu, ungekuwa wewe ndiwe umeniletea ramani hii leo, ungeniuliza nini?"

Marehemu alirudi maabara, akaandika karatasi kwa mwandiko wake mzuri wa mkono wa kulia: "Ramani hii ina makosa. Dira ilisomwa karibu na nyundo. Inapimwa upya. Aliyekosea ni mimi." Alipofika ukumbini asubuhi iliyofuata kuibandika alimkuta Mwalimu Ushahidi amesimama chini ya fremu, misumari midogo minne kwenye kiganja. Mzee alishika karatasi, marehemu akapiga misumari. Kwa kushoto.

Wakaguzi waliisoma karatasi ile, mmoja wao mara mbili. Idara ilipewa miaka miwili ya kuangaliwa, kisha mingine, na ipo mpaka leo. Kama karatasi ilisaidia au ilidhuru, ripoti haisemi.

Kwa Bwana Vumbi alikwenda kwa miguu. Alimkuta nyuma ya nyumba akipaka grisi mtambo usiokuwa na pa kwenda, akamweleza yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Mchimbaji alifuta mikono.

"Kwa hiyo nilichimba sawasawa."

"Ulichimba sawasawa. Nilikuelekeza pasipo na maji."

"Miaka kumi na miwili, dada. Mwanangu shuleni wanamwita Vumbi Mdogo."

"Najua."

"Hujui. Lakini umekuja." Akaangalia kitambaa chake cha grisi. "Hayo uliyoniambia hapa, chuoni utayasema?"

Aliyasema chuoni, kwenye mkutano wa wafanyakazi, Bwana Vumbi akiwa ameketi mstari wa mbele na shati lililopigwa pasi, na aliyasema mara ya pili kwa sababu mhasibu aliingia amechelewa.

Kupima upya pointi sitini na tatu ni kazi ya mwezi mmoja kwa mtu mmoja mwenye haraka. Marehemu hakuifanya hivyo. Alisema aliyekosea hafai kuwa ndiye anayejisahihisha. Kila pointi ilipimwa na wanafunzi watatu, kila mmoja peke yake, bila kuona namba za mwenzake, katika ile wiki moja ya mwaka ambayo chuo kiliitoa kwa ajili ya kilima. Zilipatikana pointi tatu kwa mwaka. Kabla ya kusoma dira mwanafunzi alipaswa kuweka nyundo, funguo, hata kisu cha kukatia penseli hatua tano mbali, na kupaza sauti, "Chuma chini!" Wenzake wakaitikia, "Chini!" Wanafunzi waliokuja baadaye hawakujua sababu yake. Walidhani ni wimbo wa chuo.

Waliojua walimtania. Mmoja aliwahi kumuuliza, "Mwalimu, kweli na wewe ulikosea dira?" Akamjibu, "Kaskazini yenyewe ya sumaku inahama kila mwaka, sembuse mimi." Halafu akamtaka akokotoe imehama kiasi gani tangu 1976, na aonyeshe kazi yake.

Walianza na pointi za upande wa chuo. Kufikia 1999 kumi na tano za kwanza zilikuwa zimekamilika, na mpaka kati ya mwamba wa mchanga na mwamba wa chokaa, uliochorwa kupita chini ya uwanja wa mpira, ukahamia chini ya bweni la wasichana. Wasichana hawakusikia tofauti yoyote. Kisima kilichimbwa tena, hatua mia moja na arobaini kutoka kwenye shimo la vumbi, na aliyeitwa kuchimba alikuwa mchimbaji yule yule. Maji yalitoka kwenye mita sitini na moja. Alijaza kikombe, akampelekea marehemu, akamwambia, "Kunywa, dada. Kwa mkono wowote."

Mwalimu Ushahidi alifariki mwaka 2003. Marehemu alistaafu tarehe 9 Juni 2014, pointi sitini zikiwa zimepimwa. Mwaka uliofuata alirudi kilimani na wanafunzi wa mwenzake, mumewe akiwa mwandishi kama zamani, wakamaliza mbili. Ilibaki ya sitini na tatu. Ilipofika zamu yake alisema, "Hiyo haina haraka," akateremka. Mumewe alidhani amechoka.

Machi 2016 miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikamwishia kwenye ngazi za sokoni. Daktari wa moyo alimkataza vilima.

"Kilima kinaanzia mita ngapi?" marehemu aliuliza.

"Mama, kilima ni kilima."

"Daktari, kwa kazi yangu hilo si jibu."

Daktari akaandika kwenye karatasi: mita kumi. Marehemu aliikunja karatasi akaiweka kwenye daftari lake la uwandani, na kwa miaka saba iliyofuata hakupanda zaidi ya hapo, ingawa alijulikana kupanda mita tisa. Alibaki nyumbani, akipanga mawe ya wajukuu kwenye katoni za viatu, kila moja na namba yake. Mkuu mpya wa idara alikuja mara mbili kumshawishi.

"Ni pointi moja tu, mama. Wanafunzi waende wakaimalize."

"Waende. Ila wakaende na mwandishi wangu."

Mwandishi, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limeanza kufuata nyayo za Mwalimu Ushahidi, alisema yeye peke yake haendi popote, hajazoea kuandika namba asizotukaniwa. Basi ikabaki hivyo. Binti mkubwa, ambaye ni muuguzi, alisema hajawahi kuona wazee wawili wazima wakizuiliwa na jiwe.

Januari mwaka huu, 2023, hali yake ilibadilika. Alilazwa tarehe 3 Februari, wodi ya pili, kitanda cha dirishani ambako kilima kinaonekana nusu. Jumanne ya mwisho alimwambia mumewe, "Baba watoto, nenda kapime. Na usiniletee namba nzuri. Niletee iliyopo." Mume alisema atakwenda Jumamosi. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 16 Februari 2023, saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono wa kushoto.

Jumamosi mume alikwenda. Watoto walimkataza, akawaambia ameahidi. Walimpandisha wanafunzi watatu, mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja akibeba kiti cha kukunja, mpaka chini ya ukingo ambapo kiti hakiwezi tena kusimama. Hapo alikaa, daftari la mwaka 1976 kwenye goti zima, daftari jipya kwenye goti bovu. Wanafunzi walipanda mmoja mmoja. Kila mara alisikia kutoka juu, "Chuma chini!", na kwa kuwa wawili waliobaki walikuwa wanahema, aliitikia yeye.

Wa kwanza alirudi na mwelekeo digrii arobaini na mbili, mwinamo ishirini na nane. Wa pili arobaini na moja, ishirini na nane. Wa tatu arobaini na mbili, ishirini na nane. Alitoa kile kidogo ambacho kaskazini imehama tangu wakati ule, kama alivyofundishwa kutoa, akafungua daftari la zamani kwenye ukurasa wa mwisho. Lilikuwa na mwandiko wake wa kuku, na nane iliyofungwa vizuri juu. Namba zilikuwa zile zile, hata digrii moja haikupungua. Katika pointi zote sitini na tatu hiyo ndiyo pekee iliyokuwa sawa tangu mwanzo.

"Mzee," mwanafunzi mmoja alimuuliza, "imekuwaje hii tu?"

Alifunga daftari moja, akafunga la pili, akachomoa penseli sikioni akaitazama.

"Hapa," alisema, "nyundo nilikuwa nimebeba mimi."

Ramani mpya ilikamilika jana mchana, nayo imetundikwa ukumbini chini ya ile ya kwanza. Ile karatasi yenye misumari minne imeachwa mahali pake kwa amri ya mkuu wa idara.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, mmoja wao akiwa mashoto na anaandika hivyo hivyo shuleni bila kufungwa na mtu. Ameacha kaka wawili na mdogo wake wa kike, mchimba visima mmoja aliyerudishiwa jina lake kamili, wanafunzi mia mbili na kumi na sita, na mawe elfu moja mia tatu na nne, yote yenye kwao.

Dira imewekwa kando yake. Nyundo amekabidhiwa mumewe.

Apumzike sasa, amani iwe naye. Kilima chote kimepimwa.